Keki ya Mwananchi wa Mfano

Katika nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa hofu bali kwa kuheshimu sheria inayokataza kulitaja bila kibali, serikali ilikuwa haijawahi kukosea tangu siku ya uhuru. Yalikuwapo mafuriko, ndiyo. Lilikuwapo na daraja zuri sana lililojengwa mahali pasipo na mto. Lakini mambo hayo yaliundiwa tume, na tume ikaona kwamba kosa la kwanza lilikuwa la mvua na la pili lilikuwa la mto. Sasa serikali iliyo sahihi kiasi hicho ilihitaji chombo cha kuhifadhi usahihi wake, usije ukafutwa na watu wenye nia mbaya. Ndipo ukaletwa Mnyororo.

Mnyororo, kama alivyoueleza Waziri wa Mambo ya Kidijiti, Mheshimiwa Dakta Kajituma, ni daftari ambalo haliwekwi mahali pamoja. Linakaa kwenye kompyuta saba katika kanda saba za nchi. Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, kompyuta zote zinakubaliana, na kila ukurasa unafungwa kwenye ukurasa uliotangulia, pingili kwa pingili. "Likishaandikwa limeandikwa," alisema Waziri. "Halifutwi na karani mla rushwa, halifutwi na mimi, halifutwi na Malaika Jibrili." Viongozi wa dini waliokuwepo walitazamana kidogo, kisha wakapiga makofi, maana hotuba ilikuwa inarushwa moja kwa moja.

Wananchi waliufurahia Mnyororo kwa dhati, na hilo lisifanyiwe mzaha. Nchi hiyo ilikuwa na watu wengi waliowahi kuamka asubuhi wakakuta kiwanja chao kina mwenyewe mwingine, mwenye hati mpya ambayo wino wake haujakauka. Waliposikia limepatikana daftari lisilofutika, walilia machozi ya furaha.

Mmoja wao alikuwa Bi Sikudhani binti Mbaruku, mjane wa miaka sitini na mitatu, muuza maandazi. Kiwanja chake kilikuwa namba kumi na nne, mtaa wa Chemchemi. Juu yake palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, migomba sita, na nyuma ya migomba, kaburi la mumewe, Mshamu, aliyekuwa fundi baiskeli. Pembeni mwa kaburi hilo Bi Sikudhani alikuwa ameacha nafasi yenye upana wa mkeka mmoja. Hakupanda kitu pale, hata mchicha. Majirani walijua ile ni nafasi ya nani, na aliyekuwa akipita na mbuzi wake alimzungusha.

Hati yake aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kopo la maziwa ya unga. Haikuwa na doa wala mkunjo wala kesi. Kwa sababu hiyo, Wizara ilipotafuta katika mji mzima kiwanja kimoja kisicho na mgogoro ili kitumike siku ya uzinduzi, kilipatikana hicho kimoja tu. Mwenyekiti wa mtaa alimpelekea habari akitweta.

"Dada Siku, umechaguliwa."

"Kwa kosa gani?"

"Si kosa, ni heshima. Waziri mwenyewe atakitumia kiwanja chako kuwaonyesha watu Mnyororo unavyofanya kazi. Dakika tatu tu."

Bi Sikudhani alikwenda kuazima khanga mpya.

*

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa Wizara chini ya kaulimbiu "Mwananchi Kwanza", iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko madirisha. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni kwa ajili ya usalama, na mpiga picha wa Wizara akaagizwa apige nyuso tu. Vikundi vitatu vya ngoma vilicheza. Mkuu wa Itifaki alisimama akasema kwamba itifaki imezingatiwa, na kila aliyepanda jukwaani baada yake naye akasema itifaki imezingatiwa, hata ikaonekana itifaki ndiyo iliyokuwa ikizinduliwa.

Kisha Waziri akaeleza jambo lenyewe. Kiwanja cha Bi Sikudhani kitahamishwa kwenda kwa mtu aitwaye Mwananchi wa Mfano. Huyo hakuwa mtu, alikuwa jina lililobuniwa na Wizara kwa ajili ya onyesho, lenye tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Halafu kiwanja kitarudishwa kwa mwenyewe, na ukumbi wote utakuwa umeshuhudia. Ili kukirudisha itahitajika ufunguo wa Mwananchi wa Mfano, ambao si ufunguo wa chuma, ni maneno kumi na mawili ya siri yaliyopangwa kwa mfuatano wake. Asiye na maneno hayo hawezi kukigusa kiwanja, awe rais au awe mwizi. Na maneno hayo, alisema Waziri huku akitabasamu, hayakufichwa kabatini kama zamani. Karatasi yake imechomwa moto mbele ya mashahidi. Maneno yenyewe yako pale, juu ya keki.

Watu waligeuka. Keki ilikuwa kubwa kama mlango, na juu yake palikuwa na vipande kumi na viwili, kila kimoja kimeandikwa neno lake kwa sukari.

Waziri alibonyeza kitufe. Kompyuta saba zikakubaliana. Kwenye kioo kikubwa jina la Sikudhani binti Mbaruku likaondoka, likaja la Mwananchi wa Mfano, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bi Sikudhani naye alipiga kigelegele, kwa kuwa alikuwa amekaa mbele na haikupendeza kunyamaza.

Ilibaki kurudisha. Lakini ratiba iliyokuwa mkononi mwa Mkuu wa Itifaki ilionyesha kwamba saa nane kamili ni keki, na katika nchi hiyo ratiba ya keki haijawahi kusogezwa. Wakubwa kumi na mmoja walisimama kwa vyeo vyao, wakalishwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akilisoma kwanza neno lake, kisha akifungua kinywa mbele ya kamera. Kipande cha kumi na mbili kilikuwa cha balozi mmoja ambaye hakufika kwa sababu ya tumbo. Sinia lilikuwa limeshaanza kuondolewa pale mpiga picha aliposema, "Mheshimiwa, tungepata na mama mmoja wa kawaida." Bi Sikudhani akavutwa mkono, akasogezwa. Waziri alimlisha. Yeye aliinamisha macho, kama anavyofundishwa mtu kufanya anapolishwa na mkubwa, akatafuna akaona ina ladha ya ndimu. Kisha king'ora kikalia nje, Waziri akawahi ndege, na Mkuu wa Itifaki akatangaza kwamba kipengele cha kurudisha kiwanja kitafanyika kesho.

*

Kesho yake Bi Sikudhani alikwenda Wizarani akaelekezwa kwa afisa wa dawati namba tisa, Bwana Chiduo, kijana mwenye miwani na adabu. Bwana Chiduo alifungua mashine, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Mama, maneno ya ufunguo yako wapi?"

"Si mnayo ninyi?"

"Yalikuwa kwenye keki."

"Na keki?"

Bwana Chiduo alitazama tumbo la mkubwa wake aliyekuwa akipita koridoni.

Bi Sikudhani aliuliza kama hawawezi kuandika tu kwamba palitokea makosa. Bwana Chiduo alishtuka akaangalia mlango. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba Mnyororo haukosei, na kwamba kuandika ukurasa wa kusahihisha ni kukiri palikuwa na ukurasa wenye kosa, na kosa la kwanza la serikali tangu uhuru haliwezi kuanzia dawati namba tisa. Kisha akamwambia la pili, na hili alilisema huku ameinama. Sheria ya Mnyororo inasema mwenye kiwanja asiyejitokeza mwenyewe kukithibitisha ndani ya siku tisini, kiwanja chake kinawekwa chini ya ulinzi wa Dola kwa niaba yake, na wakaazi wanaondolewa.

"Huyo Mwananchi wa Mfano atajitokeza?"

"Hayupo, mama."

"Basi nijitokeze mimi niseme ndiye mimi."

"Kuna kifungu. Kujifanya raia ambaye hayupo ni miaka saba. Kujifanya raia aliyepo ni miwili tu."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani akaketi kwenye ile nafasi ya pembeni mwa kaburi. Alimwambia Mshamu yote, jinsi alivyovaa khanga ya kuazima, jinsi alivyopiga kigelegele. Aliona aibu ya kigelegele kuliko yote. Alilia mpaka kuku wakaja kumtazama.

*

Alirudi tena, na tena. Juma la kwanza aliambiwa aje kesho. Juma la pili aliambiwa mfumo uko chini. Juma la tatu mfumo ulikuwa juu lakini afisa alikuwa semina. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilikuwa limeanza kuuma kweli, halikai chakula. Siku ya ishirini na nne Bwana Chiduo alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo maafisa hawalifanyi, akamkunjia karatasi kiganjani kama mtu anayetoa sadaka.

Ilikuwa orodha ya waliokula keki. "Kila mmoja alikula neno lake," alisema. "Labda wanakumbuka."

Hivyo ndivyo mjane wa Chemchemi alivyoanza kuzunguka katika milango ya wakubwa akiwauliza walikula nini.

Neno la Waziri lilipatikana bila taabu, kwa kuwa lilichapishwa katika kitabu cha hotuba zake: alikula "mvua", na akaitafsiri kuwa ni baraka kwa taifa. Jaji alikubali kulitaja neno lake baada ya Bi Sikudhani kuapa mbele ya karani wa mahakama kwamba hatalitumia vibaya. Lilikuwa "sufuria". Mkuu wa Mkoa alisema neno lake ni siri ya taifa. Bi Sikudhani alikaa getini kwake siku nne na beseni lake la maandazi mpaka walinzi wakanenepa, na siku ya tano Mkuu wa Mkoa akashusha kioo cha gari akasema "pilipili" akapandisha kioo. Naibu Waziri alikuwa ameshafutwa kazi. Huyo alimpokea kwa mikono miwili, akampa neno lake, "wembe", na akataka kumpa na mengine mengi kuhusu Wizara ambayo Bi Sikudhani hakuyahitaji.

Kamishna mmoja alikuwa amefariki. Bi Sikudhani alikwenda matangani kwake, akala wali na wafiwa, akaona haya kuuliza. Hakuhitaji kuuliza. Wasifu wa marehemu ulipokuwa ukisomwa, ilitajwa kwamba mwaka huo alipata heshima ya kulishwa neno "ngazi" kwa mkono wa Waziri, na ndugu zake wakatikisa vichwa kwa fahari na majonzi. Askofu ana sukari. Hakukila kipande chake, alikibana mdomoni kwa ajili ya kamera, akakitema kwenye kitambaa, akakipeleka nyumbani. Kilikuwa bado kwenye friji yake, kikavu kama tofali, na juu yake ilisomeka vizuri "bata". Bi Sikudhani alikishika kwa mikono miwili akambusu Askofu pete, ingawa yeye ni Mwislamu.

Siku ya themanini na moja alikuwa na maneno kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa limepita katika koo lake mwenyewe, na hakulijua.

Hapo ndipo moyo ulipomvunjika. Picha yake akilishwa ilikuwa imebandikwa mjini kote, kubwa kama nyumba, na juu ya kipande cha keki palikuwa na kidole gumba cha Waziri. Alisimama chini ya picha ile kwenye njia panda, akajitazama mwenyewe alivyofungua kinywa, macho yameinama. Wakubwa wote walikula huku wakiringa, wakasoma maneno yao, wakayakumbuka. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na adabu. Alijichukia kwa adabu ile. Alijipiga shavu barabarani, na watu waliokuwa wakipita wakasogea kando.

Aliyemwokoa alikuwa fundi wa keki, Zamoyoni, mzee mnene aliyewahi kuoka keki za uzinduzi wa visima, vyoo, sera na mikakati. Bi Sikudhani alimkuta akikoroga unga kwa ajili ya uzinduzi wa maandalizi ya uzinduzi mwingine.

"Maneno yale waliniletea polisi wawili kwenye bahasha," alisema Fundi Zamoyoni. "Nikayaandika kama yalivyofuatana, la kwanza kipande cha kwanza, la mwisho kipande cha mwisho. Kisha wakachoma karatasi. Sikumbuki hata moja, dada yangu, naandika mengi. Ila moja."

"Lipi?"

"La mwisho kabisa. Sukari nyeupe iliniishia kwenye neno la kumi na moja. Ikabidi nichovye nyekundu. Wewe kipande chako kilikuwa na rangi gani?"

Bi Sikudhani alitazama vidole vyake. Alikumbuka alivyorudi nyumbani siku ile, akaosha mikono, na maji yakawa mekundu kidogo. Alidhani ni rangi ya khanga ya kuazima.

"Nyekundu."

"Basi ni 'kesho'," alisema Fundi Zamoyoni. "Ulilishwa 'kesho'."

Bi Sikudhani alianza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka akakaa chini kwenye gunia la unga, na Fundi Zamoyoni naye akacheka kwa kumfuatisha, mpaka alipoona kwamba kicheko cha mwenzake kimegeuka kilio. Akamletea maji.

*

Siku ya tisini Wizara iliitisha kikao maalumu, kwa kuwa habari za mama anayekusanya maneno zilikuwa zimeshaingia magazetini na ilionekana bora ziwe mafanikio ya Wizara. Walikuja wakubwa wote kumi waliobaki, na mjane wa Kamishna kwa niaba ya marehemu. Palikuwa na chai, sambusa na korosho. Kioo kikubwa kiliwashwa. Bwana Chiduo alikaa kwenye mashine, na nyuma yake akasimama Katibu Mkuu wa Wizara, Bibi Telesfora, mikono ameifumbata. Bi Sikudhani alikaa mbele na karatasi yake yenye maneno kumi na mawili. Alikuwa amekonda hata khanga ilimzunguka mara mbili. Lakini uso wake siku hiyo ulikuwa na nuru, wote waliona.

Bwana Chiduo alieleza kwamba mashine inaruhusu majaribio matatu. La tatu likikosewa, ufunguo unajifunga moja kwa moja.

"Mfuatano ni upi?" aliuliza Waziri.

Mkuu wa Itifaki alisimama. Alisema keki ililiwa kwa itifaki, kwa hiyo mfuatano wa maneno ni mfuatano wa walioyala. Wote wakakubali kwamba jambo hilo ni zuri na linaonyesha faida za itifaki. Bibi Telesfora akasoma taarifa rasmi ya uzinduzi, ile iliyosainiwa, ikasomwa bungeni na kuingizwa yenyewe katika Mnyororo: "Kwa mujibu wa kaulimbiu ya Mwananchi Kwanza, Mheshimiwa Waziri alianza kwa kumlisha keki mwananchi, ndipo viongozi wakafuata."

Bi Sikudhani aliinua kichwa.

Bwana Chiduo aliandika: kesho, mvua, sufuria, na kuendelea. Mashine ilifikiri. Ikasema hapana.

Pakawa na minong'ono. Jaji akasema bila shaka tatizo ni kwamba Mkuu wa Mkoa ametangulizwa mbele ya Askofu. Mkuu wa Mkoa akasema yeye ni serikali na Askofu ni mgeni. Walibishana muda wa chai mbili. Wakapatana kwa heshima kuwabadilisha nafasi, Bwana Chiduo akaandika tena, kesho ikiwa mbele, na mashine ikasema hapana kwa mara ya pili.

Ndipo Bi Sikudhani aliposimama. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wengi namna ile, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Wazee wangu, niwieni radhi. Mimi sikula wa kwanza. Nilikula wa mwisho."

Aliinua karatasi yake, akaendelea.

"Sinia lilikuwa linaondolewa. Mpiga picha ndiye aliyeniita. Na fundi wa keki anasema 'kesho' ndilo neno la mwisho, sukari nyeupe ilimwishia. Andikeni kesho mwisho. Nawaomba. Andikeni mwisho, basi."

Hapakuwa na mtu mle ukumbini ambaye hakujua kwamba ni kweli. Askofu alitazama sambusa yake. Mpiga picha, ambaye alikuwepo, alianza kusafisha kamera. Mkuu wa Itifaki, aliyewapanga kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameketi chini ya ile kaulimbiu ya ukutani, akiitazama kama mtu anayeomba msaada.

Mheshimiwa Dakta Kajituma alisimama. Ni haki kusema kwamba hakutaka kiwanja kile, hakuna aliyekitaka. Alikuwa na viwanja. Alimwendea Bi Sikudhani, akamshika mabega, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Mama yangu," alisema. "Usijidharau. Ukoloni ndio uliowafundisha akina mama kama wewe kusema sisi ni wa mwisho. Katika serikali hii mwananchi hajawahi kuwa wa mwisho. Hakuwa wa mwisho kwenye maji, hakuwa wa mwisho kwenye dawa, atakuwaje wa mwisho kwenye keki? Imeandikwa ulikuwa wa kwanza. Imesomwa bungeni ulikuwa wa kwanza. Kompyuta saba zimekubaliana ulikuwa wa kwanza. Mimi siwezi, kwa sababu ya kiwanja kimoja, kukushusha wewe mpaka mwisho. Nakupenda mno."

Ukumbi ulipiga makofi. Wengine walisimama.

"Baba, nishushe," alisema Bi Sikudhani. "Nakuomba unishushe." Lakini makofi yalikuwa bado yanaendelea.

Waziri akaagiza Askofu na Mkuu wa Mkoa warudishwe kama mwanzo, na badala yake Jaji asogee nafasi moja, na mwananchi abaki palepale anapostahili. Bwana Chiduo aliweka vidole kwenye vitufe. Aligeuka akamtazama Bi Sikudhani, na Bi Sikudhani akamtazama yeye, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mtoto asikanyage kitu. Bwana Chiduo alikuwa na mke, na watoto wawili, na ajira ya muda. Bibi Telesfora alikohoa nyuma yake. Aliandika kesho. Alikosea herufi, ikambidi aandike mara mbili, lakini aliiandika mwanzo.

Mashine ilifikiri kwa muda mrefu kuliko mara zote. Kisha kioo kikasema: "Ufunguo umefungwa daima. Asante kwa kutumia huduma zetu."

Waziri alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba siku hii imethibitisha jinsi Mnyororo ulivyo imara, maana hata Wizara yenyewe imeshindwa kuuingilia. Bi Sikudhani alipewa cheti chenye fremu. Kilisema yeye ni Mwananchi wa Kwanza wa Mnyororo.

*

Watu wa Dola walikuja kumwondoa Jumatatu. Walikuwa na adabu, walimsaidia kutoa vyombo, na mmoja alimbebea beseni mpaka kwa jirani aliyekubali kumweka. Uzio wa mabati ulizunguka nyumba, migomba na kaburi, na mbele ukawekwa ubao: "Mali ya Mwananchi wa Mfano. Asiyehusika asiingie." Kwa kuwa mwenye mali ni raia mwema asiye na kosa lolote, Dola iliweka na mlinzi.

Bi Sikudhani alikuwa akija kila asubuhi baada ya kuuza maandazi. Kati ya bati la tatu na la nne palikuwa na mwanya, na ukiinama unaona kaburi la Mshamu na ile nafasi ya pembeni. Mwezi wa kwanza ilikuwa bado tupu. Mvua zilipoanza, majani yakaota. Yaliota ya kawaida, yale ambayo mtu angeyang'oa kwa mikono kwa nusu saa.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Alimwendea mlinzi, akampa maandazi mawili, akamwomba amruhusu aingie ang'oe majani tu, kisha atoke.

Mlinzi alikuwa mtu mwema. Alifungua daftari la getini, ambalo Wizara ilikuwa imelichapisha kutoka kwenye Mnyororo, akateremsha kidole. Uso wake ukafurahi.

"Upo, mama. Umeandikwa. Tena katika orodha ya wageni wewe ndiye wa kwanza kabisa."

"Basi niingie?"

"Wageni wanaingia na mwenyeji," alisema mlinzi. "Mwenyeji hajafika."

Akamtolea kiti chake cha plastiki, akakiweka kwenye kivuli cha uzio, upande wa nje. Bi Sikudhani aliketi kumngojea.